Kila Nchi na Kileo Chake, Bali Hukumu ni Moja

KHUTBA YA KWANZA

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, aliyemwumba mwanadamu akampa akili, na kwa akili hiyo akamkalifisha ibada na kumpambanulia halali na haramu. Rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake, na kila aliyeifuata njia yao kwa wema hata Siku ya Malipo.

Amma baadu. Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, mliohudhuria msikitini na mnaotusikiliza majumbani, nauusia nafsi yangu kwanza, kisha nawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Hakika aliyemcha Mola wake amejiwekea akiba isiyoliwa na nondo wala kuibiwa na mwizi.

Ndugu Waislamu, kila mwaka, tarehe 26 Juni, mataifa huadhimisha siku ya kupiga vita matumizi na biashara haramu ya dawa za kulevya, siku iliyowekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1987. Katika siku hizo hutolewa taarifa ya hali ya ulimwengu mzima. Taarifa ya mwaka 2025 imeeleza kwamba katika mwaka 2023 watu wapatao milioni 316 walitumia dawa hizo walau mara moja, nao ni kama watu 6 katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 64. Pombe na tumbaku hazimo katika hesabu hiyo. Wapatao milioni 244 walitumia bangi. Milioni 61 walitumia afyuni na jamaa zake. Kiasi cha milioni 31 walitumia dawa za kuchangamsha za jamii ya amfetamini. Na milioni 25 walitumia kokeini.

Hesabu hii ni kubwa, lakini mwenye kuitazama kwa jumla tu hataona jambo lililo muhimu. Nchi hazifanani katika maradhi haya. Kinachoua Marekani sicho kinachoharibu vijana wa Afrika ya Magharibi. Na kinacholiwa mchana kutwa katika Yemen hakijulikani kabisa katika vijiji vya Thailand. Kila upande wa dunia una kileo chake, na kila upande una udhuru wake. Khutba yetu ya leo yahusu tofauti hizo: zinatoka wapi, zinatudanganya vipi, na zinatutaka tufanye nini katika nyumba zetu.

Kabla ya kusafiri, tushike kwanza mizani ya kupimia. Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90, ameutaja ulevi pamoja na kamari na ibada ya masanamu, akavihesabu vyote kuwa uchafu utokanao na kazi ya shetani, akatuamrisha tujiepushe navyo ili tufaulu. Na Mtume wetu (S.A.W.) amefundisha kwamba kila chenye kulevya kina hukumu ya mvinyo, na kwamba kitu kikilevya kwa wingi wake, basi na uchache wake umeharimishwa. Tazameni hekima ya mafundisho hayo. Hayakufungwa kwa jina la kinywaji kimoja wala kwa tunda la nchi moja. Yamefungwa kwa sababu, na sababu yenyewe ni kuondolewa akili. Kwa hiyo, bangi ilipoenea katika miji ya Waislamu karne nyingi baada ya Mtume, wanavyuoni kama Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, na Al-Zarkashi, aliyefariki mwaka 1392, hawakusema kwamba jani hili halikutajwa kwa jina lake. Walitazama linamfanya nini mtu, wakatoa hukumu.

Imamu Al-Ghazali naye amebainisha kwamba Sharia imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Wenye kumjua mtu aliyezama katika dawa za kulevya wanajua kwamba hakuna hata moja kati ya hayo matano linalosalimika kwake. Sala huachwa, mwili hudhoofika, akili hupotea, watoto hukosa malezi, na vyombo vya nyumba huuzwa kimoja kimoja mpaka hubaki kuta.

Ndugu zangu katika imani, sasa na tuitazame dunia. Tofauti za nchi katika jambo hili zina sababu nyingi, lakini zilizo kubwa ni nne.

Sababu ya kwanza ni ardhi. Watu huanza na kile kinachoota karibu nao. Katika milima ya Andes, katika Peru, Bolivia na Colombia, wakulima na wachimba madini wametafuna majani ya koka tangu zama za kale ili wavumilie njaa, baridi na uchovu wa milimani. Kiasi cha mwaka 1860 mwanakemia wa Kijerumani, Albert Niemann, alifaulu kuitenga nguvu iliyomo katika jani hilo, akaipa jina la kokeini. Tangu hapo jani la maskini likawa unga wa matajiri. Leo unga huo hutengenezwa katika nchi hizo hizo za Andes, lakini wanunuzi wake wakubwa wako Amerika ya Kaskazini, Ulaya ya Magharibi na Australia.

Hali ya mirungi ni nyingine. Mti wake huota katika nyanda za juu za Ethiopia, Kenya na Yemen, na nguvu ya majani yake hupungua siku chache tu baada ya kuchumwa. Hiyo ndiyo sababu ulaji wake kwa karne nyingi haukutoka mbali na mashamba yake, mpaka zilipokuja ndege zilizoweza kuyafikisha majani mabichi kwa wahamiaji waliokaa London.

Sababu ya pili ni njia. Wahenga wamesema kwamba maji hufuata mkondo. Na kila mkondo unapopita huacha unyevu kandokando. Kwa miaka mingi Afghanistan ilikuwa shamba kubwa kuliko yote ya afyuni duniani. Mzigo wake ulipita Iran ukielekea Ulaya, na Iran ikawa miongoni mwa nchi zenye watumiaji wengi zaidi wa afyuni kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Haikuwa kwa kukosa dini wala kwa kukosa sheria kali. Ilikuwa jirani ya shamba, na mlango wa kupitia.

Mkondo mwingine ulishuka kusini. Majahazi yalipakia heroini katika pwani ya Makran, kwenye ufuo wa Iran na Pakistan, yakaivuka Bahari ya Hindi na kuelekea pwani yetu ya Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Aprili 1914 isingewezekana kusikika habari hii. Bali mwezi wa Aprili 2014 manowari ya Australia iitwayo HMAS Darwin ilikamata jahazi moja nje ya pwani ya Kenya, na ndani yake ikapatikana heroini ya uzito wa kilo 1,032. Hilo ni jahazi moja tu, lililokamatwa. Bahari ile ile iliyowaleta babu zetu wafanyabiashara, masharifu na walimu wa dini, imeleta na haya.

Sababu ya tatu ni dawa za hospitali zilizotoka mikononi mwa waganga. Marekani ni mfano mkubwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, vidonge vikali vya kutuliza maumivu viliandikiwa wagonjwa kwa wingi kupita kiasi, na watu wakaambiwa kwamba hatari yake ni ndogo. Wengi wakanaswa. Vidonge vilipobanwa, wakageukia heroini. Na baada ya heroini ikaja fentanili, ambayo nguvu yake ni kama mara 50 ya heroini. Katika kila mmoja wa miaka 2021, 2022 na 2023, watu waliokufa nchini humo kwa kuzidisha dawa walikuwa zaidi ya 100,000. Haya yametokea katika nchi yenye hospitali na vyuo vikuu mashuhuri kuliko vyote, ili ijulikane kwamba utajiri na elimu ya dunia pekee si ngao.

Afrika ya Magharibi imepatwa na mkasa wa namna hiyo kwa njia nyingine. Huko kidonge cha tramadoli, kilichotengenezwa kwa ajili ya maumivu, kimekuwa kileo cha madereva, wabeba mizigo na vijana wa mitaani. Nchini Nigeria, uchunguzi wa taifa uliotangazwa baada ya mwaka 2018 ulionyesha kwamba watu wapatao milioni 14.3 walikuwa wametumia dawa za kulevya katika mwaka mmoja. Na katika mwaka huo wa 2018 serikali ililazimika kupiga marufuku dawa ya kikohozi yenye kodeini, kwa kuwa vijana waliinywa kama soda. Na katika nchi za Kiarabu, kidonge kiitwacho Captagon kilianza kama dawa halali iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1961. Dawa yenyewe iliondolewa, jina likabaki. Na kwa jina hilo viwanda vya siri vikatengeneza vidonge vya amfetamini kwa mamilioni.

Sababu ya nne ni vita, dhiki na tamaa ya faida. Syria ilipoingia vitani mwaka 2011, nchi ikavunjika, na uzalishaji wa vidonge hivyo vya Captagon ukawa chanzo kikubwa cha fedha kwa wenye nguvu. Soko lake kubwa likawa Saudi Arabia na nchi nyingine za Ghuba. Katika Myanmar, majimbo yenye mapigano yamekuwa karakana za methamfetamini, ambayo huvuka mpaka na kuuzwa Thailand kwa jina la yaba. Tena tuzingatie hili: watawala wa Afghanistan walipopiga marufuku kilimo cha afyuni mwezi wa Aprili 2022, mashamba yake yalipungua kwa kiasi cha asilimia 95 katika mwaka 2023, na katika mwaka huo huo Myanmar ikachukua nafasi ya kwanza duniani. Shamba moja likifungwa na mnunuzi yungali na kiu, shamba jingine hufunguliwa.

Nchini Sierra Leone, mwezi wa Aprili 2024, Rais alitangaza hali ya hatari kwa sababu ya mchanganyiko wa kuvuta uitwao kush, uliokuwa ukiangamiza vijana wasio na kazi. Na historia nayo imehifadhi aibu ya tamaa. Wafanyabiashara wa Kiingereza waliingiza China afyuni iliyolimwa Bengal. Dola ya China ilipoyakamata na kuyateketeza makasha yake mwaka 1839, Uingereza ilipeleka manowari, ikapigana mpaka mwaka 1842, na Hong Kong ikachukuliwa. Taifa lilipigwa vita kwa kosa la kukataa kuleweshwa.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, tumeziona sababu. Sasa tuuone udanganyifu uliomo ndani yake, kwa maana hapo ndipo penye hatari yetu.

Kila watu huchukia kileo cha jirani, na chao hukiita desturi. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba pombe iliua watu milioni 2.6 katika mwaka 2019. Katika eneo la Ulaya, kila mtu mzima kwa wastani alikunywa lita 9.2 za kileo halisi katika mwaka huo. Na katika eneo linalokusanya nchi nyingi za Kiislamu, kuanzia Afrika ya Kaskazini hadi Pakistan, ilikuwa lita 0.3 tu. Alhamdulillahi, hii ni dalili iliyo wazi kwamba amri ya Mwenyezi Mungu inalinda watu. Mtawala hawezi kuweka askari mbele ya kila chupa, bali imani huweka askari ndani ya kila moyo.

Lakini tusijisifu haraka. Nchi hizo hizo zilizoshinda chupa ndizo tulizozitaja katika habari za afyuni, mirungi na Captagon. Mtu hukataa kwa ghadhabu kunywa tone la pombe, kisha akameza kidonge, au akakaa barazani mchana mzima shavu limejaa majani, sala ya alasiri ikampita, na akiulizwa husema, "Hii si pombe." Ameshika jina akaiacha sababu. Ameufunga mlango wa mbele kwa kufuli saba na kuuacha wa uani wazi.

Tutazame mirungi yetu wenyewe. Katika Kenya ni zao halali, linalimwa Meru na kuuzwa hadharani kwa jina la miraa. Ukivuka mpaka na kuingia Tanzania, jani lile lile ni dawa ya kulevya katika sheria, na mwenye kukutwa nalo hufikishwa mahakamani. Uingereza iliyaruhusu mpaka mwezi wa Juni 2014, kisha ikayakataza. Jani halikubadilika kwa kuvuka mpaka wala kwa kugeuka kalenda. Iliyobadilika ni sheria ya watu. Muislamu anawajibika kuitii sheria ya nchi yake katika wema, lakini hawezi kuifanya kuwa mwisho wa uchunguzi wake, kwa sababu yapo mengi ambayo serikali za dunia zimeyaruhusu, na mwenye kuyatenda ataulizwa.

Na tuseme kwa uadilifu: katika hukumu ya mirungi wanavyuoni wamehitilafiana. Ibn Hajar al-Haytami, mwandishi wa Tuhfa inayotegemewa na wafuasi wa madhehebu ya Shafii, aliulizwa juu yake katika karne ya 16. Habari zilizomfikia kuhusu athari zake zilipingana, hivyo hakukata shauri la kuharimisha, bali alinasihi iepukwe kwa sababu ya shaka. Leo hatuna haja ya kuingoja habari kutoka mbali. Tunaiona fedha ya chakula inavyokwenda sokoni, tunaona usingizi unavyopotea, na baba anavyowakosa wanawe kila jioni. Anayetafuta uhakika na autafute katika nyumba hizo.

Wako wanaosema kwamba desturi ni kama sheria. Ni kweli, na hata wanavyuoni wa fikihi wameipa ada nafasi yake katika hukumu. Lakini wameiwekea sharti: isipingane na maandiko. Desturi inayoondoa akili haina nafasi hiyo, hata ikiwa imerithiwa kwa babu wa babu.

Nasema maneno yangu haya, nami namwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na ninyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe, Mwenye kurehemu.

KHUTBA YA PILI

Sifa njema ni zake Mwenyezi Mungu kwa ihsani yake, na shukrani ni zake kwa taufiki yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, safari yetu ya dunia inaishia mlangoni mwetu. Heroini, ambayo vijana huiita unga, ilianza kuenea katika miji ya pwani yetu katika miaka ya 1980. Mwanzoni ilivutwa, mwishoni mwa miaka ya 1990 wengi wakahamia kwenye sindano, na sindano iliyopita mkono kwa mkono ikaleta ukimwi na homa ya ini. Imeingia Mombasa, Malindi, Tanga, Dar es Salaam na Unguja, yaani katika mitaa ambayo adhana husikika mara tano kila siku. Tuseme basi tufanye nini.

La kwanza, tuukate mnyororo. Mtume (S.A.W.) alipoutaja mvinyo hakumlaani mnywaji peke yake. Amewahesabu watu kumi: mwenye kukamua na mwenye kukamuliwa, mbebaji na mwenye kubebewa, muuzaji na mnunuzi, mwenye kumimina, mwenye kunywa, na mwenye kula thamani yake na mwenye kununuliwa. Pimeni hayo kwa zama zetu. Nahodha anayekubali mzigo asiouuliza yumo. Mwenye nyumba anayepokea kodi maradufu na kufumba macho yumo. Dereva yumo, na afisa anayepokea bahasha yumo. Na aliyejenga msikiti kwa fedha hizo asidhani kwamba amezitakasa, maana Mwenyezi Mungu ni Mwema, hapokei ila kilicho chema. Nasi tunaopokea michango, tusiwe wepesi wa kumtukuza kila mwenye kutoa kwa mkono mkubwa pasipo kujua mkono huo umechuma wapi.

La pili, tumtofautishe muuzaji na aliyenaswa. Hapa, ndugu zangu, wengi wetu tumekosea njia. Kijana akianza kuiba vyombo vya nyumbani ili apate kete, huitwa teja, hupigwa, hufukuzwa, na jina lake halitajwi tena mbele ya wageni. Tukumbuke kisa kilichosimuliwa na Imamu Bukhari. Palikuwa na mtu katika zama za Mtume (S.A.W.) aliyeletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa mvinyo, akaadhibiwa. Siku moja mmoja wa waliohudhuria akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akamkataza asimlaani, akashuhudia kwamba mtu yule alimpenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu haikufutwa, wala kosa halikuitwa jambo dogo. Lakini mlango wa udugu haukufungwa. Basi sisi ni nani hata tuufunge?

La tatu, tutafute tiba. Mtume ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia dawa. Na unaswaji huu ni maradhi, yanayojulikana kwa waganga. Mwenye kuacha heroini ghafla hupatwa na arosto: maumivu ya mifupa, kutapika, kuharisha, jasho na kukosa usingizi. Wengi hurudi kwenye unga kwa kuyakimbia mateso hayo, wala si kwa kuitafuta raha. Mwezi wa Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni, ikiwa ya kwanza kufanya hivyo kwa huduma ya umma katika bara la Afrika kusini ya Sahara. Katika mwaka 2015 huduma hiyo ikafunguliwa Kidongo Chekundu, Unguja, na vilevile Malindi, Kenya. Mgonjwa hufika kliniki kila siku, hupewa kipimo chake na kukinywa mbele ya mhudumu. Arosto hutulia, sindano huachwa, na mtu hupata nafasi ya kurudi kazini na msikitini.

Wako wanaouliza: je, huku si kubadilisha kileo kwa kileo? Jibu ni kwamba anayetumia unga hutafuta kulewa, na kipimo chake huongezeka kila siku. Anayetibiwa hupewa kiasi kilichopimwa na mganga ili akili yake imrudie. Sharia inajua kanuni ya dharura, kwamba kilichokatazwa huruhusiwa kwa kadiri ya haja, na inajua kwamba madhara makubwa huondolewa kwa kuvumilia yaliyo madogo. Basi msimzuie mgonjwa wenu kwa hoja hiyo. Mpelekeni, mfuatilieni, na wakati wa adhana mshikeni mkono mwende naye. Zipo pia nyumba za upataji nafuu, ambamo waliopona huwasaidia wenzao. Wao wanaijua njia kwa kuwa wameipita.

Taarifa ya Umoja wa Mataifa imeeleza kwamba katika mwaka 2022 watu wapatao milioni 64 duniani walikuwa na maradhi yatokanayo na dawa hizi, na kati ya kila 11 ni mmoja tu aliyepata tiba. Kwa wanawake hali ni nzito zaidi: katika kila 18 ni mmoja tu. Sababu mojawapo ni haya na khofu ya kusemwa. Mwanamume mlevi hufichwa na mama yake. Mwanamke akinaswa hukosa hata wa kumficha. Na wahenga wamesema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sitara ya Muislamu ni jambo jema, lakini kumsitiri mgonjwa ni kutomtangaza, si kumnyima daktari.

La nne, enyi wazazi, tujichunguze sisi kabla ya kuwachunguza watoto. Kila nyumba ina desturi zake, na ndani ya desturi huenda kimejificha kileo cha nyumba hiyo. Mtoto aliyezoea kumwona baba yake hawezi kufanya kazi bila majani, au mama yake hawezi kulala bila kidonge alichokinunua dukani pasipo karatasi ya daktari, amekwisha kupata somo lake la kwanza. Dawa za maumivu na za kikohozi zihifadhiwe mahali zisipofikiwa. Na mtoto akibadilika, akijitenga, akiacha masomo na fedha zikipotea, tumwulize kwa upole na mapema, kabla majirani hawajatuuliza sisi.

Nanyi vijana, nanyi wanafunzi wa shule na wa madrasa, jueni kwamba hakuna aliyeanza kwa nia ya kuangamia. Mara nyingi aliyempa mtu mara ya kwanza alikuwa rafiki, na alimwambia kwamba ni kidogo tu, kwamba ni ya kusomea usiku, au ya kuondoa mawazo. Ndiyo sababu Sharia ikaharimisha uchache wa kitu kabla ya wingi wake. Usiione hukumu hiyo kuwa ni uzito uliobebeshwa. Ni ukuta uliojengwa mbali na ukingo wa shimo, ili hata anayejikwaa aangukie upande wa usalama.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, ardhi zinatofautiana, njia zinatofautiana, na majina ya vileo yanatofautiana. Akili ni moja, ni amana ya Mola mmoja, na itadaiwa kwa kila mmoja kwa lugha anayoifahamu.

Ewe Mwenyezi Mungu, tuhifadhie dini zetu, nafsi zetu, akili zetu, vizazi vyetu na mali zetu. Ewe Mola wetu, waponye walionaswa miongoni mwa watoto wetu, na uwape wazazi wao subira na busara. Wape toba ya kweli wanaopata chumo lao katika kuangamiza watu, nao wakikataa, utukinge na shari yao. Wasaidie waganga na wote wanaowahudumia wagonjwa hawa. Utupe wema katika dunia hii na wema katika Akhera, na utuepushe na adhabu ya Moto. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake wote. Amin. Simameni tusali, Mwenyezi Mungu awarehemu.